Kulala Hemani Serengeti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Kambi za Mahema ya Kifahari

Neno safari ni letu, lakini kwa miaka mingi waliolala katika mahema ya kifahari porini walikuwa zaidi wageni wa kutoka mbali, na maelezo ya kuwaandaa yaliandikwa kwa lugha zao. Siku hizi simu zinazopigwa kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Kampala si chache, na wapigaji huuliza mambo ambayo vipeperushi havikuyafikiria: kama ugali unapatikana, kibla kiko wapi, na kama mama mwenye umri wa miaka sabini ataweza kulala bila hofu. Majibu haya yanahusu Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako mwandishi amefanya kazi za kambini kwa misimu kadhaa, kwanza mapokezi na baadaye usimamizi.

Je, hilo ni hema kweli, au ni hoteli iliyovikwa turubai?

Ni hema kweli. Kuta zake ni turubai zito, madirisha ni ya wavu, na mlango hufungwa kwa zipu. Ndani mtakuta kitanda cha mbao chenye godoro nene na shuka za pamba, meza ya kuandikia, taa, kapeti, na kwa nyuma sehemu ya choo na bafu iliyotengwa kwa pazia au zipu nyingine. Tofauti kubwa iko kati ya kambi za kudumu, ambazo mahema yake husimama juu ya jukwaa la mbao au saruji mwaka mzima, na kambi za kuhama, ambazo hujengwa, hutumika kwa miezi kadhaa, kisha hung'olewa hadi kigingi cha mwisho na nyasi kuachwa ziote upya.

Anayetafuta ufahari katika dhahabu na marumaru atauona kidogo. Ufahari wa kambini uko katika watu na mizigo. Nyanya ya saladi imetoka Karatu au Arusha kwa lori, dizeli imekuja kwa barabara ileile, na fundi wa kutengeneza pampu anaishi hapohapo kwa sababu hakuna duka la vipuri la kukimbilia. Kambi yenye mahema kumi kuwa na wafanyakazi thelathini si jambo la kushangaza, na bei ya usiku mmoja hueleweka zaidi mtu akilijua hilo.

Nije mwezi gani, na kambi iwe sehemu gani ya hifadhi?

Maswali haya mawili hayatenganishwi, kwa kuwa Serengeti ina kilomita za mraba zaidi ya 14,000 na nyumbu hawakai mahali pamoja. Wako zaidi ya milioni moja, wakifuatana na pundamilia laki kadhaa, na mzunguko wao hufuata mvua na majani mabichi. Kuanzia Desemba hadi Machi huwa katika mbuga za kusini, upande wa Ndutu, ambako majani mafupi yanayoota juu ya udongo wa majivu ya volkano yana madini wanayohitaji wazazi. Mwezi Februari huzaa karibu wote kwa pamoja, ndani ya wiki mbili au tatu. Mei na Juni huelekea magharibi, kwenye mto Grumeti, na kuanzia Julai hadi Oktoba huwa kaskazini, eneo la Kogatende, wakivuka na kuvuka tena mto Mara. Mvua za vuli zikianza, Novemba, hurudi kusini.

Kambi za kuhama huwafuata: nyingi hukaa Ndutu wakati wa kiangazi kifupi na Kogatende kuanzia katikati ya mwaka. Asiyejali sana habari ya nyumbu, na anayetaka kuona simba na chui kwa uhakika zaidi, achague Seronera, katikati ya hifadhi, ambako kuna maji mwaka mzima na wanyama wanaowinda hawahami kama nyumbu. Ushauri wetu kwa familia inayokuja kwa mara ya kwanza na kwa siku chache ni huo wa Seronera, ingawa msongamano wa magari huko ni mkubwa.

Aprili na Mei ni masika. Kambi nyingi hufungwa, hasa zile za kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao ukilowa hunasa gari hadi ekseli. Zinazobaki wazi hushusha bei sana, na mandhari huwa ya kijani isiyo na vumbi. Mwenye subira ya kuvutwa kwenye tope mara moja au mbili atafurahia.

Nitawaona nyumbu wakivuka mto?

Hakuna anayeweza kukuahidi, na anayeahidi asiaminiwe. Kundi linaweza kusimama ukingoni saa nne nzima, likasogea, likarudi nyuma, kisha likaondoka kabisa kwa sababu pundamilia mmoja ameshtuka. Wageni walioona ni wale waliolala usiku tatu au zaidi Kogatende na kukubali kukaa garini na chakula cha boksi. Dereva mzuri huegesha mbali na ukingo hadi nyumbu wa kwanza wameingia majini. Ukimwona dereva anayesogea mapema ili abiria wake wapate picha, ujue anaweza kuwageuza wote.

Kambi haina uzio. Simba au tembo hawataingia hemani?

Hili ndilo swali la kwanza kwa karibu kila mgeni, na linastahili jibu refu.

Ni kweli kwamba kambi za hifadhini hazina uzio, na wanyama hupita katikati yake, hasa usiku. Lakini mnyama huliona hema lililofungwa kama kitu kimoja kizima, kama mwamba au kichuguu, na hana sababu ya kulivunja. Usiku wa pili wa ajira ya mwandishi, tembo dume alikuja kuokota matunda ya mgunga uliokuwa hatua tano kutoka kwenye hema. Kilichosikika kilikuwa tumbo lake likinguruma, kisha matawi yakivunjika, kisha kimya. Asubuhi nyayo zake zilionekana zimepita kati ya kamba mbili za hema, na hakuna kamba iliyoguswa. Mnyama wa uzito ule huinua mguu na kuuweka chini kana kwamba amepimiwa njia.

Usalama huo hutegemea masharti machache ambayo hayana mjadala. Jua likishatua hakuna mgeni anayetembea peke yake, hata kama hema la kulia chakula linaonekana pale. Askari mwenye tochi huja kukuchukua na kukurudisha. Zipu hufungwa hadi chini kila unapoingia na kutoka, mchana na usiku. Hemani hakuwekwi chakula, hata peremende za mtoto. Mgeni mmoja aliwahi kuficha ndizi na karanga kwenye begi, akaenda kutazama wanyama. Nyani walirarua wavu wa dirisha, wakamwaga begi lote kitandani, na hawakuacha cha kuliwa chochote isipokuwa maganda. Viatu vya ngozi navyo vilazwe ndani, kwa kuwa fisi huvibeba kutoka barazani na hupatikana, vikipatikana, vikiwa nusu.

Ukihitaji msaada usiku, utakuta hemani filimbi au redio ya upepo, na utaelekezwa matumizi yake mara tu unapofika. Itumie kwa dharura ya kweli: ugonjwa, moto, nyoka. Sauti ya simba si dharura. Ngurumo yake husikika umbali wa kilomita kadhaa, na usiku wa kimya humfanya kila anayeisikia aamini kwamba mnyama yuko mlangoni kwake.

Kuna choo cha ndani? Na kuoga kunakuwaje?

Choo kiko ndani ya hema lako na hutumia maji kama cha nyumbani, kwa hiyo hakuna kutoka nje usiku. Katika kambi za kudumu bomba la mvua hutoa maji ya moto yaliyopashwa kwa sola. Katika kambi za kuhama kuna utaratibu wa zamani ambao wageni wengi huupenda kuliko bomba. Unamwambia mhudumu wa hema saa unayotaka kuoga. Muda ukifika utasikia hatua zake nyuma ya turubai, halafu sauti: "Hodi, maji tayari." Anamimina ndoo ya lita ishirini, maji ya moto na baridi yakiwa yamechanganywa, kwenye chombo kilichoning'inizwa juu ya bafu, nawe unavuta mnyororo mdogo. Jilowanishe, funga, jipake sabuni, kisha fungua tena. Lita ishirini zinamtosha mtu mmoja anayejua kufunga, na mwenye nywele nyingi aombe ndoo ya pili mapema. Aliyekulia nyumba yenye ndoo na kopo hahitaji maelezo zaidi.

Maji ya bafuni na ya bomba si ya kunywa. Ya kunywa huwekwa hemani kwenye chupa ya kioo au jagi, na hujazwa kila siku.

Umeme, simu na intaneti vipo?

Umeme ni wa sola na betri, pamoja na jenereta ya akiba. Unatosha kwa taa, simu na kamera, lakini vikaushio vya nywele, pasi na majagi ya umeme haviruhusiwi, kwa sababu kimoja tu huweza kuzima mahema yote ya upande huo. Mtandao wa simu unashika vizuri Seronera na hupotea katika maeneo mengi ya mbali. Kambi nyingi huweka intaneti kwenye hema la mapumziko pekee. Mfanyabiashara anayetarajia kikao cha video kila asubuhi aulize kabla ya kulipa.

Chakula ni cha aina gani? Ugali upo? Nyama ni halali?

Orodha ya kawaida ni supu, nyama au samaki, mboga, saladi, mikate inayookwa kambini asubuhi, na kitindamlo. Ugali upo kila siku, ila uko upande wa jiko la wafanyakazi. Tumezoea kuona mgeni Mtanzania akila chakula cha kizungu siku ya kwanza kwa adabu, na siku ya pili akimwita mhudumu pembeni kumuuliza kama kule nyuma kuna ugali na maharage. Hakuna haja ya kunong'ona. Sema wakati wa kuhifadhi nafasi, na mpishi atakuandalia mezani pamoja na mchicha na nyama ya kuchoma. Wageni wa meza jirani huishia kuomba waonjeshwe.

Kuhusu uhalali wa nyama, kambi nyingi hununua Arusha kwa wachinjaji Waislamu, lakini usichukulie kuwa ni hivyo kila mahali. Uliza kwa maandishi, na uulize pia kama kikaango cha nyama ya nguruwe kinatengwa. Anayefunga Ramadhani atapata daku bila tabu, kwa kuwa jiko huamka kabla ya alfajiri siku zote, mradi ajulishe jioni yake. Kibla kiko kaskazini, ukielekea mashariki kidogo tu, karibu sawa na anavyoelekea mtu aliyeko Dar es Salaam. Mswala uje nao.

Siku moja kambini inakwendaje?

Saa kumi na moja na nusu alfajiri mhudumu huja na chai au kahawa na biskuti barazani, akasema hodi bila kufungua zipu. Saa kumi na mbili gari linaondoka, kwani wanyama wanaowinda huonekana zaidi kabla ya joto, na ndiyo saa ambayo magari huruhusiwa kuanza kutembea hifadhini. Kifungua kinywa huliwa porini, juu ya boneti au meza ya kukunja. Mchana ni wa kupumzika hemani, na hapo ndipo mgeni hugundua kwamba turubai huwa jiko kuanzia saa saba hadi saa tisa. Fungua madirisha ya wavu pande zote na ulale. Saa kumi jioni gari hutoka tena. Sheria inataka magari yawe yamerudi kabla giza halijaingia, kwa hiyo safari za usiku ndani ya hifadhi si jambo la kuagiza tu. Baada ya hapo kuna moto, viti vimepangwa duara kuuzunguka, chakula cha jioni, na wengi wamelala saa tatu.

Nibebe nguo gani?

Beba za baridi, jambo ambalo watu wa pwani hawaliamini hadi usiku wa kwanza. Seronera iko takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri katika gari lililofunguliwa paa upepo hupenya sweta. Juni hadi Agosti njoo na jaketi na kofia ya sufu. Jioni mhudumu huweka chini ya blanketi mpira wa maji ya moto. Tunalitaja mapema kwa sababu zaidi ya mgeni mmoja amepiga kelele mguu wake ulipogusa kitu chenye joto ndani ya shuka.

Epuka bluu na nyeusi. Mbung'o huvutwa na rangi hizo, ndiyo maana mitego yao utakayoiona ikining'inia kwenye miti imeshonwa kwa vitambaa vya bluu na vyeusi. Wako zaidi kwenye vichaka vya magharibi na kaskazini, na kuumwa kwao kunauma hasa. Rangi za khaki, kahawia na kijivu zinafaa, ila nguo za mabaka ya kijeshi ziache nyumbani, kwa kuwa raia kuzivaa ni kosa Tanzania.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019. Droni haziruhusiwi hifadhini bila kibali maalumu.

Tufike vipi, na gharama ikoje kwa mtu wa Afrika Mashariki?

Kutoka Arusha kwa barabara ni zaidi ya kilomita 300 hadi Seronera, yaani siku nzima, na njia hupita ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Wengi hushtuka kugundua kwamba hata anayepita tu hulazimika kulipa ada ya Ngorongoro. Anayetoka Kanda ya Ziwa hana mzigo huo: lango la Ndabaka liko kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Kwa ndege, kuna viwanja vidogo vya Seronera, Kogatende, Grumeti na Ndutu, na kutoka Arusha hadi Seronera ni kama saa moja. Mzigo ni kilo kumi na tano kwa kawaida, ndani ya begi laini, si sanduku gumu lenye magurudumu, ambalo haliingii kwenye tumbo la ndege ndogo.

Raia wa Afrika Mashariki hulipa kiingilio cha hifadhi kwa shilingi, na kiwango chake ni sehemu ndogo sana ya anacholipa mgeni wa nje. Kambi nazo zina bei ya wakazi, ambayo mara nyingi haionekani kwenye tovuti na hutolewa kwa anayeiuliza. Basi iulize. Uje na kitambulisho cha taifa au pasipoti halisi, kwa kuwa picha kwenye simu hukataliwa getini, na malipo ya hifadhi hayapokelewi kwa fedha taslimu. Kabla ya kulinganisha kambi mbili, hakikisha kila bei inaeleza kama imejumuisha milo, vinywaji, gari na dereva, ada ya hifadhi ya kila usiku, na kodi ya ongezeko la thamani. Kambi inayoonekana rahisi huwa ghali hayo yakishaongezwa. Kumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya Ndutu iko upande wa Ngorongoro, kwa hiyo ada zake ni za mamlaka nyingine.

Watoto, wazee na wajawazito wanaruhusiwa?

Umri wa chini wa watoto hutofautiana: zipo kambi zinazopokea kuanzia miaka mitano au sita, na zipo zinazokataa walio chini ya kumi na miwili. Sababu ni usalama na wala si kelele, kwani mtoto mdogo hukimbia, na kukimbia huamsha hamu ya mnyama. Wazee hulala hemani vizuri; shida yao ni barabara. Mtu mwenye mgongo mbaya aje kwa ndege na aombe hema lililo karibu na la chakula. Mjamzito azungumze kwanza na daktari wake, kwa ajili ya mtikisiko na pia kwa ajili ya malaria, ambayo ipo Serengeti licha ya baridi. Chandarua hakitoshi; ongeza dawa ya kupaka na mikono mirefu jioni.

Hospitali iko mbali. Kila kambi ina sanduku la huduma ya kwanza na mtu aliyefunzwa, na mgonjwa mahututi husafirishwa kwa ndege kutoka kiwanja kilicho karibu. Huduma ya madaktari wa angani ya AMREF, iliyoanzishwa 1957, ndiyo inayojulikana zaidi, na baadhi ya kambi huwaingiza wageni wao katika bima yake. Uliza kama umo.

Bakshishi ni lazima?

Si lazima, na hakuna atakayekudai. Anayetaka kutoa ampe dereva wake mkononi, na ya kambi aiweke kwenye sanduku la pamoja lililoko mapokezi. Sanduku hilo hufunguliwa mbele ya wafanyakazi na kugawanywa kwa wote, wakiwemo ambao mgeni hawaoni: mwosha vyombo, fundi wa sola, askari wa zamu ya usiku wa manane, na kijana anayesimama nyuma ya turubai na ndoo, akisubiri umwambie kama maji yamekutosha.